Saa ya mkanda wa chuma: ibane mkono kiasi gani, na jinsi ya kuirekebisha

Mkanda wa ngozi huuzoea mkono. Hulainika, hushika umbo la mvaaji, na tundu moja likibana unahamia la pili. Mkanda wa chuma haufanyi hivyo: urefu ulioufunga asubuhi ndio huohuo jioni. Kinachobadilika ni mkono. Joto likipanda, ukifanya mazoezi, ukila chakula cha chumvi nyingi, ukikaa muda mrefu kwenye ndege au ukitembea mwendo mrefu mikono ikining'inia, kifundo cha mkono huvimba. Kwenye baridi hunywea. Tofauti ya milimita chache tu za mzunguko inatosha kuifanya saa iliyokaa vizuri asubuhi iache alama za pingili, yaani vile vipande vya chuma vinavyounganishwa kuwa mkanda, mchana.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni hii: pima mkanda mkono ukiwa umevimba. Ulegevu kidogo wa asubuhi unavumilika, tena vifungo vingi vina namna ya kuupunguza. Mbano wa mchana hauvumiliki. Utaishia kuivua saa na kuiweka mfukoni. Usipunguze pingili mara tu ulipoamka, wala ukiwa umetoka kuoga maji baridi. Subiri mchana, au fanya kazi ya mikono kwa robo saa kwanza.

Mahali pa kuikalisha

Watu wengi wanaolalamika kwamba saa yao inabana au inacheza wameivaa mahali pasipo pake. Papasa kifundo cha mkono upande wa kidole cha mwisho: kuna mfupa uliochomoza. Saa inakaa juu ya mfupa huo, kwa maana ya upande wa kiwiko, na kati yake na mfupa pabaki nafasi ndogo. Isikae juu ya mfupa wenyewe, na isishuke mpaka pale mkono unapokunjia. Ikishuka hapo, kila unapoegemea kiganja mezani au kusukuma mlango, kitufe cha pembeni cha kurekebishia saa kinadunga mgongo wa kiganja. Mtu akiona alama nyekundu hapo hudhani saa inabana, akailegeza, nayo ikashuka zaidi na kudunga zaidi. Dawa ni kinyume chake: kaza kidogo ili saa ibaki upande wa kiwiko wa mfupa.

Majaribio ya kujua kama imekaa sawa

Anza na kidole. Funga saa, geuza kiganja juu, kisha ingiza ncha ya kidole cha mwisho kati ya kifungo na ngozi. Kiingie bila kulazimishwa, lakini kiuguse mkanda. Kisipoingia kabisa, inabana. Kidole cha shahada kikipita hadi kiungo cha pili bila kugusa kitu, imelegea mno.

Kisha shusha mkono wima na uutikise mara tatu nne. Saa inapaswa kuteleza kidogo, chini ya sentimita moja, na kukomea kwenye mfupa. Isiposogea hata kidogo, haina nafasi ya kupokea uvimbe wa mchana. Ikiupita mfupa na kufika kwenye kiganja, punguza.

Jaribio la tatu ndilo linalosahaulika. Nyoosha mkono mbele, geuza kiganja juu, chini, juu, chini, kwa haraka kiasi. Kisha tazama uso wa saa. Ukibaki juu ya mkono, vizuri. Ukihamia pembeni na kubaki huko, ama mkanda ni mrefu au pingili hazikugawanywa vizuri kati ya pande mbili. Hilo la pili tutalifikia.

Mwisho, kunja ngumi kwa nguvu na ukunje mkono kuelekea ndani. Kano za kifundo hukaza na mzunguko wa mkono huongezeka. Usihisi chuma kikiuma, na kifungo kisijaribu kufyatuka. Kaa na saa nusu saa, halafu ivue. Alama hafifu zinazofutika ndani ya dakika chache si tatizo. Ukiweza kuhesabu pingili kwa kutazama ngozi, ongeza nafasi.

Uzito nao una neno lake. Titani ina uzani wa takriban gramu 4.5 kwa sentimita moja ya ujazo, chuma cha pua karibu 8, na dhahabu ya karati 18 takriban 15. Saa ya titani unaweza kuiacha ilegee kidogo na usiisikie. Saa nzito ya chuma ikilegea hujirusha kila mkono unapogeuka. Mbaya zaidi ni saa yenye kichwa (sehemu ya juu yenye uso wa saa) kinene kizito na mkanda mwembamba: hakuna uzito chini wa kukipinga, kwa hiyo kichwa huanguka pembeni. Saa ya namna hiyo haina budi kukazwa kuliko nyingine.

Kwa nini usiibane, na kwa nini usiiachie

Anayeibana hupata matatizo ya ngozi kwanza. Jasho, sabuni na ngozi iliyokufa hukwama chini ya mkanda, hewa haipiti, na ngozi huwasha. Chuma cha pua kinachotumika sana kwenye saa, aina ya 316L, kina nikeli ya asilimia 10 hadi 14. Kwa kawaida nikeli hiyo imefungwa ndani ya chuma na hutoka kidogo sana, lakini kwa mtu mwenye mzio, jasho na msuguano wa muda mrefu vinaweza kutosha kumletea upele. Kuacha nafasi na kuosha mkanda humsaidia; asipopona, ahamie titani.

Kuna na mshipa wa fahamu unaopita karibu na ngozi upande wa kidole gumba. Ukibanwa, mgongo wa kidole gumba na sehemu ya mgongo wa kiganja hufa ganzi, huchomachoma au huungua bila jeraha kuonekana. Daktari Robert Wartenberg alieleza hali hiyo mwaka 1932, na mkanda wa saa unaobana ni miongoni mwa visababishi vyake vinavyojulikana, pamoja na pingu. Ukihisi dalili hizo, vua saa kwa siku kadhaa. Zisipoondoka, nenda kwa daktari.

Anayeiachia huumiza saa zaidi kuliko mkono. Kichwa hugonga vitasa na kingo za meza, kifungo hukwaruzwa. Lakini hasara kubwa haionekani mara moja. Vumbi likichanganyika na jasho huingia kwenye maungio ya pingili, na kila saa inapocheza mchanganyiko huo husaga pini na matundu yake kama msasa. Baada ya miaka, mkanda unarefuka. Ukiulaza ubavu na kushika upande mmoja, upande wa pili unaning'inia chini badala ya kunyooka. Chuma hakikuvutika, matundu ndiyo yamepanuka, na kurudisha hali hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa maalumu.

Kupunguza pingili

Kwanza kabisa, kabla hujagusa pini yoyote, tazama ubavu wa kifungo. Vifungo vingi vya kukunja vina safu ya vitundu vidogo, mara nyingi vitatu hadi sita, na ndani yake pini ya springi inayoshikilia mkanda. Ihamishie kwenye tundu la katikati. Hatua hii ikirukwa, unaweza kumaliza kukata pingili ukajikuta uko tundu la mwisho, huna pa kwenda mkono ukivimba.

Kuihamisha, ingiza ncha nyembamba (kijiti cha meno kigumu kinatosha) kwenye kitundu kwa nje, sukuma ncha ya pini ndani huku ukivuta mkanda taratibu kwa pembe. Fanya hivyo ndani ya mfuko wa plastiki unaoonekana au chini ya kitambaa, maana springi ikiruka hutaiona tena.

Sasa vaa saa, funga kifungo, na ubane ziada ya mkanda kwa vidole chini ya mkono mpaka saa ikae unavyotaka. Hesabu pingili zilizobaki kwenye mbano wako. Toa moja pungufu ya hesabu hiyo kwanza. Pingili moja huwa na urefu wa milimita 6 hadi 10 hivi, na kuiondoa baadaye ni rahisi kuliko kuirudisha mara tatu.

Kisha zigawe. Kifungo kinatakiwa kikae katikati ya upande wa chini wa mkono, mkabala na uso wa saa. Toa idadi sawa pande zote mbili. Zikiwa witiri, ile ya ziada itoke upande wa namba 6. Upande wa namba 12 ukiwa mrefu kidogo, kwa mikono mingi uso wa saa humwelekea mvaaji vizuri zaidi. Ukimaliza, jaribu: upande ule ambao kifungo kimekimbilia ndio mfupi. Hamishia pingili moja huko kutoka upande wa pili, wala huhitaji kubadilisha urefu wote.

Pindua mkanda uone upande wa ndani. Pingili zenye mishale, au zenye vichwa vya skrubu ubavuni, ndizo zinazotoka. Zisizo na alama zimefungwa moja kwa moja na kiwanda, usizipige.

*Mkanda wa pini.* Unahitaji kitalu chenye mifereji cha kulazia mkanda, kisukumio cha pini chenye ncha ya milimita 0.8 hadi 1.0, nyundo ndogo, kibano, na kitambaa cheupe juu ya meza. Cheupe kwa sababu kitakachoanguka ni kidogo.

1. Bandika utepe wa karatasi kwenye uso wa nje wa pingili na kwenye kichwa cha saa. Kisukumio kikiteleza kitakwaruza utepe.
2. Simamisha mkanda wima ndani ya mfereji, mshale ukielekea chini. Pini hutoka kufuata mshale.
3. Weka ncha katikati ya pini na ugonge kidogokidogo. Pini ikichomoza milimita 2 au 3 upande wa chini, ivute kwa kibano. Ikikataa baada ya kugonga mara kadhaa, usiongeze nguvu: hakikisha mwelekeo, tia tone la mafuta mepesi, subiri dakika 10.
4. Kumbuka ncha ipi imetoka kwanza. Pini nyingi zimepasuliwa upande mmoja, na ncha iliyotoka kwanza ndiyo itakayoingia mwisho.
5. Angalia kitambaa. Je, kuna kijibomba kifupi kimeanguka? Soma aya inayofuata kabla hujaendelea.
6. Toa pini ya pili ya pingili hiyohiyo, ondoa pingili yenyewe, kisha unganisha pande mbili zilizobaki.
7. Geuza mkanda mshale uelekee juu. Ingiza pini kutoka juu, ncha nzima kwanza, na igonge mpaka iwe sawasawa na ubavu. Pitisha ukucha pande zote mbili: usikwame popote.

Baadhi ya mikanda, ya saa za Japani hasa, haina pini iliyopasuliwa. Pini yake ni laini, na kinachoishika ni kijibomba cha chuma cha milimita chache kinachokaa ndani ya pingili, mara nyingi ile ya katikati. Pini ikitoka, kijibomba huanguka bila sauti. Aliyekiona hukidhani uchafu, akapangusa meza. Pini ikirudi bila kijibomba huingia kwa urahisi wa kutia shaka, hukaa siku chache, kisha saa ikaanguka njiani. Rudisha kijibomba mahali pake kwa kibano kabla hujaunganisha pingili, ndipo upige pini. Kipimo ni hiki: pini inayoingia kwa kusukumwa na kidole hadi mwisho haijashikwa na kitu.

*Mkanda wa skrubu.* Huu ni wa usalama zaidi kwa anayefanya mwenyewe, mradi bisibisi iwe ya kipimo. Bapa lake lijaze mfereji wa skrubu upana na unene. Mara nyingi ni kati ya milimita 1.2 na 1.6. Bisibisi nyembamba hutafuna kichwa cha skrubu, na kilichotafunwa hakirudi. Viwanda hutia gundi ya skrubu ili isilegee, kwa hiyo ikigoma, pasha moto pingili kwa kikausha nywele kwa dakika moja au mbili, kisha jaribu tena ukikandamiza chini kabla ya kuzungusha. Tazama pia upande wa pili: baadhi zina kichwa pande zote mbili, na utahitaji bisibisi mbili, moja ishike, nyingine izungushe. Wakati wa kurudisha, futa gundi ya zamani, tia chembe ya gundi isiyo kali kwenye ncha ya nyuzi kwa kijiti cha meno, kaza mpaka isimame, basi. Gundi kali ya kudumu haina kazi hapa.

Ikiwa pini zimeshika kutu, au mkanda ni wa dhahabu, au kuna kichwa cha skrubu kimeshatafunwa, mpe fundi. Kazi ya dakika kumi kwake.

Marekebisho madogo ndiyo yanayoamua

Pingili huleta saa karibu na kipimo, kifungo hukimaliza. Tundu moja kwenye kifungo huwa karibu milimita 2. Vaa saa siku mbili tatu kwenye tundu la katikati kabla ya kuamua, na uiangalie kwenye joto kali la mchana, baada ya mazoezi, na asubuhi. Ikibana mchana tu, sogeza tundu moja nje. Ikipita mfupa hata mchana, sogeza ndani.

Inapotokea kwamba pingili moja ikitoka inabana na ikibaki inalegea, hata kwenye matundu yote, tafuta nusu pingili. Mikanda mingi huja na moja au mbili, fupi kuliko nyingine, na watu huitoa kwanza bila kujua thamani yake. Vifungo vya kipepeo, vile vinavyofunguka mabawa mawili, kwa kawaida havina matundu kabisa. Kwa hivyo nusu pingili ndiyo njia pekee. Ukiwa mtu ambaye mkono wake hubadilika sana kati ya asubuhi na mchana, hilo ni jambo la kuuliza kabla ya kununua saa.

Baadhi ya vifungo hurekebishwa bila kifaa chochote, saa ikiwa mkononi au karibu hivyo. Easylink ya Rolex huongeza takriban milimita 5 kwa kukunjua kipande kimoja. Glidelock ya kampuni hiyohiyo huenda kwa hatua za takriban milimita 2 hadi takriban milimita 20. Ilikusudiwa kuvaliwa juu ya nguo ya kuzamia, lakini walio wengi huitumia kwa uvimbe wa mchana tu. Mwenye kifungo cha namna hii apime pingili zake mkanda ukiwa umefungwa karibu na mwisho wa ndani, hatua moja au mbili tu nje, ili nafasi yote ibaki kwa ajili ya kulegeza.

Mikanda isiyo ya pingili za kawaida

Mkanda wa wavu wa chuma hauna cha kutoa. Kifungo chake huteleza juu ya wavu na kushikwa na kibamba kinachoinuliwa kwa bisibisi bapa. Inua kibamba, sogeza, kibonyeze mpaka kilie. Usipokibonyeza vizuri kifungo kitateleza chenyewe, kwa hiyo vuta mkanda kwa nguvu kabla ya kuuvaa.

Mkanda wa springi unaovutika, uliopata umaarufu kwa Twist-O-Flex ya kampuni ya Speidel mwaka 1959, hujikaza wenyewe, na kosa la kawaida ni kuuacha mfupi kwa kuamini kwamba utavutika. Utavutika, lakini utakaa umefunguka kidogo muda wote, na mianya hiyo ndiyo inayonyofoa nywele za mkono. Uwe na urefu wa kukaa mkononi pingili zikiwa zimefumba.

Saa janja yenye mkanda wa chuma ina shughuli mbili zinazopingana. Kihisi cha mapigo ya moyo hutumia mwanga, na mwanga wa nje ukiingia chini ya saa vipimo huharibika. Wakati wa mazoezi mgongo wa saa lazima ugusane na ngozi bila kuinuka, jambo ambalo mkanda wa chuma uliopimwa kwa starehe haulifanyi vizuri. Vaa mkanda wa mpira kwenye mazoezi, wa chuma muda mwingine.

Pingili ulizotoa ziweke pamoja na pini au skrubu zake kwenye mfuko mmoja mdogo, ukiandika jina la saa juu yake. Pini za mkanda mmoja mara nyingi haziingii kwenye mwingine, na anayenunua saa iliyotumika huziulizia. Mkanda wa skrubu uukague tena baada ya wiki mbili: geuza saa kwenye mwanga na uone kama kuna kichwa cha skrubu kilichochomoza ubavuni.